Nambari ya Simu Isiyo na Mwenyewe: Tuifahamu 2147483647

Chama chetu cha akiba hukutana Jumapili moja kila mwezi mtaani Umoja, na kwa miaka mingi orodha ya wanachama ilikuwa katika daftari la katibu, lenye jalada jeusi na kurasa zilizoanza kuachana na uzi. Mwaka huu tulikubaliana kuihamishia kwenye programu ya kompyuta aliyotutengenezea kijana mmoja wa hapo mtaani. Katibu alipoichapisha saiba na kutugawia nakala, majina yalikuwa sawa na michango ilikuwa sawa hadi shilingi ya mwisho, lakini kwenye safu ya simu sote thelathini na wanne tulikuwa na nambari moja: 2147483647.

"Katibu," aliuliza mweka hazina, "mbona sote tumekuwa na laini moja?"

Kabla chai haijapoa, maelezo yalikuwa yamefika matatu. Wa kwanza alisema ni laini ya mkora aliyeingilia programu yetu ili jumbe zetu zote zimfikie yeye. Wa pili, ambaye ana ndugu Marekani, alisema ni simu ya Dallas, jimboni Texas, kwa kuwa 214 ni msimbo wa eneo la mji huo. Jambo la msimbo ni kweli, ila halihusiani hata kidogo na kisa chetu. Wa tatu alijumlisha tarakimu zote akitarajia kukutana na sita tatu za Ufunuo, akapata 46, akanyamaza.

Si sisi wa kwanza kutatizwa hivyo. Nambari hii hujitokeza katika orodha za wateja, katika risiti zenye makosa na katika mazungumzo ya mwaka 2038 yanayozunguka kwenye simu zetu, na kila inapojitokeza huandamana na uvumi. Ina sifa mbili zinazoifanya ijulikane. Ya kwanza ni ya kompyuta: ndiyo kikomo cha nambari ambayo programu nyingi zinaweza kuishika. Ya pili ni ya hisabati: ni nambari tasa, na jambo hilo lilithibitishwa kwa kalamu mwaka 1772, kabla kompyuta hazijawahi kuwazwa. Watu wengi huzichanganya sifa hizi na kudhani kwamba moja ndiyo iliyozaa nyingine. Sivyo, na sababu yake inahitaji kufuatwa hatua kwa hatua.

Kwanza tuisome. Ni bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, elfu mia nne themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Mtu akianza kuhesabu moja, mbili, tatu, kila sekunde nambari moja, bila kula wala kulala, ataifikia baada ya miaka 68 na siku chache. Ikiwa ni senti, ni shilingi 21,474,836 na senti 47, fedha ambazo chama chetu hakijawahi kuziota. Ni kubwa, lakini wapo wanaoiita "nambari kubwa kuliko zote", na hilo halina maana, kwa sababu ukiongeza moja juu yake unapata kubwa zaidi papo hapo. Idadi ya watu duniani imeipita mara kadhaa.

Mawe ya mizani

Mfikirie muuza viazi wa Marikiti mwenye mizani ya kizamani ya sahani mbili. Ana mawe manne ya kupimia, la kilo 1, la kilo 2, la kilo 4 na la kilo 8, kila moja likiwa maradufu ya lililotangulia, na hana zaidi ya moja la kila aina. Kwa mawe hayo anaweza kupima kilo yoyote nzima kuanzia 1 hadi 15. Mteja akitaka kilo 5, ataweka la 4 na la 1. Akitaka 11, ataweka la 8, la 2 na la 1. Akitaka 15, mawe yote yatapanda kwenye sahani, na hapo ndipo uwezo wake unapokoma. Kilo 16 zingehitaji jiwe la tano, ambalo kwa utaratibu huu lingekuwa la 16 lenyewe.

Tazama uhusiano uliopo hapo, maana ndio msingi wa yote yatakayofuata. Mawe yote yakijumlishwa hukosa kilo moja tu ili yalingane na jiwe ambalo lingefuata. La 1 na la 2 ni 3, linalofuata ni 4. La 1, la 2 na la 4 ni 7, linalofuata ni 8. Ukiwa na mawe 31, jiwe ambalo lingefuata ni la 2 kwa kipeo cha 31, yaani mbili thelathini na moja zilizozidishwa pamoja, ambalo ni 2147483648. Toa moja. Nambari yetu ndiyo hiyo: jumla ya mawe thelathini na moja yote yakiwa juu ya sahani.

Kompyuta huhesabu kwa mtindo wa muuza viazi huyu. Kila jiwe ama liko kwenye sahani ama halipo, na nafasi ya kuandika "lipo" au "halipo" huitwa biti. Kwa miongo mingi, desturi ya waandishi wa programu imekuwa kuitengea nambari nzima biti 32. Msomaji makini atauliza biti moja imekwenda wapi, kwa kuwa tumehesabu mawe 31. Jibu ni kwamba kompyuta inapaswa kujua madeni pia, yaani nambari zilizo chini ya sifuri, na jiwe la 32 ndilo jiwe la deni. Uzito wake ni 2147483648, lakini huhesabiwa kwa upande wa kutoa. Jiwe la deni likiwa nje na mengine yote 31 yakiwa ndani, tunapata 2147483647, kilele cha upande wa juu. Jiwe la deni likiwa peke yake, tunapata hasi 2147483648, ambayo ndiyo sakafu. Yakiingia yote 32, deni karibu lote hulipwa na kubaki hasi 1. Sakafu iko mbali na sifuri kwa hatua moja zaidi ya kilele, si kwa makosa, bali kwa sababu sifuri yenyewe imechukua nafasi moja upande wa wasio na deni.

Sasa turudi kwenye orodha yetu. Nambari ya simu ya Kenya ikiandikwa kwa namna ya nyumbani huanza na sifuri, na kompyuta ikidhani hiyo ni hesabu huitupa sifuri hiyo, hubaki na tarakimu tisa, ambazo hazifiki hata bilioni moja na zinaenea bila shida. Lakini kijana wetu alikuwa amefuata utaratibu mzuri wa kuandika simu zote kwa msimbo wa nchi, 254 mbele. Nambari yenye tarakimu kumi na mbili inayoanza na 254 ni zaidi ya bilioni mia mbili hamsini na nne, zaidi ya mara mia moja ya uwezo wa mizani. Baadhi ya hifadhidata, zikipewa mzigo kama huo, haziukatai. Huandika kiasi kikubwa kuliko vyote zinavyoweza kupima na kuendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. Thelathini na wanne kati yetu tulizidi kipimo, na thelathini na wanne tukaandikiwa kilele kilekile. Hapakuwa na mkora, wala Mmarekani.

Si kila programu hutenda hivyo. Nyingine hukataa na kutoa onyo, tabia ninayoiona kuwa ya kiungwana kuliko zote. Nyingine huhifadhi yale mawe 32 ya chini na kuacha yaliyozidi yaanguke, hivi kwamba 254700000000 hugeuka 1296929536, nambari isiyofanana na ile ya mwanzo hata kwa tarakimu za mwisho. Na zipo zile zinazokuwa zimefika kileleni kisha zikaongezewa moja. Hizo hufanya kama mita ya kilomita ya matatu kuukuu, ambayo baada ya 99999 huonyesha 00000, ila hapa mita hairudi sifuri: mawe yote 31 hushuka, jiwe la deni hupanda, na programu iliyokuwa na zaidi ya bilioni mbili hujikuta inadaiwa zaidi ya bilioni mbili.

Desemba 2014 kikomo hiki kilipata umaarufu wa ghafla, video ya mwanamuziki PSY wa Korea Kusini ilipokaribia na kupita idadi hiyo ya kutazamwa, na YouTube ikatangaza kuwa kihesabu chake kimepanuliwa hadi biti 64. Kikomo kipya ni 9,223,372,036,854,775,807, na sitajaribu kukisoma kwa maneno.

Jumanne ya Januari 2038

Uvumi wa mwaka 2038 una kiini cha kweli, na kiini hicho ni nambari hiihii. Mifumo mingi ya kompyuta hutunza saa kwa kuhesabu sekunde zilizopita tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich, ambapo hapa Nairobi ilikuwa saa tisa usiku. Nimekwisha kusema kwamba sekunde 2147483647 ni miaka 68 na siku chache. Ukijumlisha, utafika Jumanne, 19 Januari 2038, na kwa saa za Nairobi itakuwa saa kumi na mbili asubuhi, dakika 14 na sekunde 7, wakati foleni ya Barabara ya Jogoo itakuwa imekwisha kunona. Sekunde inayofuata, mashine yoyote ambayo bado itakuwa ikihesabu sekunde kwa biti 32 zenye jiwe la deni itadhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Huo ndio mwezi ambao reli iliyoanzia Mombasa ilifika ziwani Kisumu.

Huo si mwisho wa dunia, na wala simu yako haitalipuka. Kompyuta na simu za sasa kwa sehemu kubwa zimekwisha kuhamia biti 64, ambazo zinatosha kuhesabu sekunde kwa miaka bilioni 292 hivi. Kazi iliyobaki ni kuzitafuta mashine za zamani zilizofichwa ndani ya mitambo, ambazo hakuna mtu anayekumbuka kuzifungua. Tatizo halingoji hiyo Jumanne pia: mkopo wa nyumba wa miaka 20 uliotolewa baada ya Januari 2018 una tarehe ya mwisho iliyo ng'ambo ya kikomo, kwa hiyo programu inayoukokotoa ilipaswa kuwa imekwisha kujua njia ya kuvuka.

Machungwa yasiyopangika

Hadi hapa hatujagusa sifa ya pili. Nambari tasa ni nambari nzima, kubwa kuliko 1, ambayo haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Machungwa 12 unaweza kuyapanga mezani katika mistari mitatu ya manne au miwili ya sita. Machungwa 13 hayakubali. Utabaki na mstari mmoja mrefu, au na chungwa lililokosa mwenzake. Nambari zinazogawanya nyingine bila baki huitwa vigawo vyake, na tasa haina kigawo kingine zaidi ya hivyo viwili. Ukiletewa machungwa 2147483647, hata ukodi uwanja wa Kasarani, utashindwa kuyapanga mistari iliyo sawa.

Mtu anajuaje? Wengi hudhani ni lazima kujaribu kugawanya kwa kila nambari hadi bilioni mbili. Si lazima. Vigawo huja wawiliwawili, kama 3 na 4 katika 12, na haiwezekani wote wawili wakazidi kipeuo cha pili cha nambari yenyewe. Kipeuo cha pili cha nambari yetu ni 46,340 na ushei. Kwa hiyo ikiwa hakuna kigawo kilicho chini ya hapo, hakuna kabisa. Tena inatosha kujaribu tasa tu, kwa sababu kisichogawanyika kwa 3 hakitagawanyika kwa 9. Kuna tasa karibu 4,800 chini ya 46,340. Kwa kompyuta hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua. Kwa mtu mwenye kalamu ya unyoya ni majuma mengi ya kugawanya, na kosa moja linaharibu yote.

Njia ya mkato inapatikana ukiitazama nambari jinsi kompyuta inavyoitazama. Kwa kuwa mawe yote 31 yako ndani, kompyuta huiandika kama moja thelathini na moja zilizopangwa mstari, bila sifuri hata moja. Sasa chukua mstari mwingine wa aina hiyo, wenye moja 15. Unaweza kuukata vipande vitano vya tatutatu, na kila kipande cha moja tatu ni 4 na 2 na 1, yaani 7. Kwa hiyo 7 ni kigawo cha nambari nzima, ambayo ni 32767, na kweli 32767 ni 7 mara 31 mara 151. Mstari wowote unaoweza kukatwa vipande vilivyo sawa hauwezi kuwa tasa. Moja 31 haziwezi kukatwa hivyo, kwa kuwa 31 yenyewe ni tasa.

Hapa ndipo wengi huteleza. Mstari usiokatika si lazima uwe tasa. Moja 11 hazikatiki, na bado zinaunda 2047, ambayo ni 23 mara 89. Pietro Cataldi, mwanahisabati wa Bologna, katika kitabu alichochapisha mwaka 1603, alidai kwamba mistari ya 23, 29, 31 na 37 yote ni tasa; katika hiyo minne alipata mmoja tu, wa 31. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa Marin Mersenne alitoa orodha yake, nayo ikaingiza 31 kwa haki lakini ikabeba makosa mengine, na hata hivyo nambari hizi zikaitwa kwa jina lake hadi leo. Kuna watu wana bahati.

Aliyethibitisha ni Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi St Petersburg, na uthibitisho wake ulitoka mwaka 1772, wakati macho yake yalikuwa karibu yamepofuka kabisa. Ili kuonja alichokifanya, twende na ile 23 iliyotuangusha. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila mara, na kila unapopita 23 bakiza kilichozidi. Utapata 1, 2, 4, 8, 16, kisha 32 inayobakiza 9, kisha 18, 13, 3, 6, 12, halafu unarudi kwenye 1. Umezunguka kwa hatua 11 kamili, kama matatu inayorudi steji ilikotoka. Kurudi kwenye 1 baada ya hatua 11 ni namna nyingine tu ya kusema kwamba 23 inagawanya ule mstari wa moja 11. Na kanuni ambayo Pierre de Fermat aliitaja mwaka 1640 inasema kwamba urefu wa mzunguko wa namna hii daima unaigawanya ile tasa ikipunguzwa moja: hapa 22, ambayo ni 11 mara 2.

Igeuze kanuni hiyo kuelekea nambari yetu. Kama kuna tasa inayoigawanya, mzunguko wake una hatua 31, kwa hiyo tasa hiyo ikipunguzwa moja lazima igawanyike kwa 31, na kwa kuwa ni witiri, lazima igawanyike kwa 62. Euler alikuwa na sharti moja zaidi, ambalo nitalitaja bila kulieleza: ukiigawanya kwa 8, lazima ibakize 1 au 7. Masharti haya mawili yakikutana, nambari zinazobaki chini ya 46,340 hazifiki 400, na nyingi kati yake zinajionyesha wazi kuwa si tasa. Ya kwanza ni 63, tunaitupa. Inafuata 249, inagawanyika kwa 3, tunaitupa pia. Kisha 311, ambayo ni tasa, na hapo ndipo unapogawanya kwa mara ya kwanza. 311 inaingia katika 2147483647 mara 6,905,092 na kubakiza 35. Imeshindwa. Unaendelea na iliyo mbele yake, hadi mwisho, na zote zinashindwa. Msomaji mwenye kikokotoo na alasiri moja isiyo na shughuli anaweza kuurudia uthibitisho mzima.

Kwa miongo mingi baada ya hapo hapakujulikana tasa iliyo kubwa kuliko hii. Ilizaa pia nambari nyingine iliyosifiwa, 2305843008139952128. Hiyo ni nambari timilifu, maana yake vigawo vyake vyote, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinarudisha nambari ileile, kama 6 ambayo ni 1 na 2 na 3. Kila tasa ya Mersenne ina timilifu yake. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba timilifu hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu nambari hizi ni za kustaajabiwa tu bila faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1883 kasisi Mrusi, Ivan Pervushin, alithibitisha mstari wa moja 61. Tasa kubwa kuliko zote zinazojulikana ninapoandika ilitangazwa Oktoba 2024: ni mstari wa moja 136,279,841, na ikiandikwa kwa tarakimu zetu za kawaida ina tarakimu 41,024,320. Na mtu akiuliza, kama nilivyoulizwa, iwapo mstari wenye moja 2147483647 nao ni tasa, jibu linajulikana: hapana, ingawa ungekuwa na tarakimu zaidi ya milioni 646, kwa sababu 295257526626031 inaugawanya.

Majirani, si ndugu

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Je, wahandisi walichagua kikomo hiki kwa sababu ni tasa? Hawakukichagua kabisa, walichagua biti 32, kwa kuwa ni maradufu ya 16, ambayo ni maradufu ya 8, na kikomo kikaja chenyewe. Tazama mizani nyingine za kompyuta. Ile ya biti 8 ina kilele cha 127, ambayo ni tasa. Ya biti 16 ina kilele cha 32767, ambayo tumekwisha kuikata kwa 7. Ya biti 64 ina mstari wa moja 63, unaokatika vipande 21 vya tatutatu, na kwa hiyo 7 inaugawanya nao. Ikiwa utasa ungekuwa na kazi katika kuhifadhi nambari, mashine za biti 64 zingekuwa na hitilafu, nazo hazina. Sifa hizi mbili zinaishi nyumba moja, hazina undugu.

Kuna pia wanaoamini kwamba kwa kuwa ni tasa kubwa, ndiyo inayolinda nywila na fedha zetu za simu. Tasa zinazotumika katika kazi hiyo zina tarakimu makumi kadhaa hadi mamia. Yenye tarakimu kumi isingemzuia mwizi kwa muda wa kupiga chafya.

Ipo lakini sehemu moja ambapo majirani hawa walishirikiana kweli, nayo ni kuchagua kwa bahati nasibu. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller walipendekeza kanuni fupi: chukua nambari, izidishe kwa 16807, igawanye kwa 2147483647, na ubakize kilichosalia. Ukianza na 1 utapata 16807, kisha 282475249, kisha 1622650073, na kuendelea, nambari zinazoonekana kama zimemwagwa ovyo. Kutoshea katika biti 32 kulifaa mashine za wakati huo, na utasa, pamoja na kizidishi kilichochaguliwa kwa uangalifu, ulihakikisha kwamba safari hupita kila nambari kuanzia 1 hadi 2147483646, kila moja mara moja tu, kabla ya kurudi mwanzo. Unaweza kuliona jambo hilo kwa nambari ndogo. Zidisha kwa 3 na kubakiza kwa 7, ambayo ni tasa: 1, 3, 2, 6, 4, 5, nambari zote sita zimefikiwa. Zidisha kwa 3 na kubakiza kwa 8, isiyo tasa: 1, 3, 1, 3, na hutoki hapo.

Programu ya chama chetu ina kitufe cha kupiga kura ya nani apokee mchango wa mzunguko. Nilimuuliza kijana kama inatumia kanuni ya namna hii, akasema hajui, aliikuta imeandikwa. Nilimwomba aichunguze, kwa sababu kanuni hii ikianzishwa na nambari ileile hutoa mpangilio uleule, na anayejua ilipoanzia anajua zamu ya kila mtu.

Kuhusu simu, dawa ilikuwa rahisi. Nambari ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni jina lililoandikwa kwa tarakimu, na mahali pake ni kwenye safu ya maandishi, ambako sifuri ya mwanzo haitupwi na 254 haizidi kipimo. Kijana aliibadilisha safu hiyo kwa dakika mbili. Lakini kilele hakiweki kumbukumbu ya mzigo uliokipita: nambari zetu thelathini na nne zilikwisha kufutika, na hakuna hesabu inayoweza kuzirudisha kutoka kwenye 2147483647. Katibu alilitoa lile daftari jeusi kwenye mfuko wa plastiki, akaanza kutusomea moja moja, na alipofika ukurasa uliomwagikiwa chai mwezi wa Machi ilibidi tuanze kupigiana simu.